Kumchora Zeus na radi yake: nguvu inakaa wapi

Picha nyingi za Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, huharibikia kwenye misuli. Mchoraji humvimbisha kifua, humtoa mishipa ya shingo, humpanua mdomo, na akimaliza anajikuta na mwanamieleka aliyeishiwa pumzi. Anayekaza mwili anatangaza kwamba kazi imemlemea. Zeus halemewi. Katika Iliad, utenzi wa Homer, anawaambia miungu wenzake kwamba hata wakining'iniza mnyororo wa dhahabu kutoka mbinguni na kuuvuta wote kwa pamoja, hawatamshusha. Yeye akiamua kuvuta, atawapandisha wao pamoja na ardhi na bahari. Basi anayemchora ana kazi mbili: kumtuliza mungu mwenyewe, na kuvuruga kila kilicho karibu naye. Vipimo vya hapa ni vya karatasi ya A3, lakini uwiano ni uleule kwa ukuta, udongo wa mfinyanzi au skrini.

Chagua sekunde moja

Kabla ya penseli kugusa karatasi, amua ni sekunde ipi unayoichora. Ziko tatu zinazofaa: Zeus akiwa ameketi na kukubali jambo kwa kichwa, Zeus akiwa ameinua radi lakini hajaiachia, na ardhi baada ya radi kupiga. Sekunde ya nne, yaani radi ikiwa njiani angani, ndiyo inayowavutia wengi na ndiyo dhaifu kuliko zote. Silaha imeshatoka mkononi, bado haijafika, na jicho la mtazamaji halina pa kutua.

Usichanganye sekunde mbili kwenye picha moja. Mkono ulioinuliwa ukiandamana na adui aliyekwisha kuungua unazua swali la nani aliyempiga. Ukitaka zote mbili, mpe Zeus radi ya pili, kama walivyofanya wachongaji wa madhabahu ya Pergamon katika karne ya 2 KK, ambayo mabaki yake yako Berlin. Jitu mmoja ameshakaa chini na radi inayowaka imemchoma paja, huku Zeus akiwageukia wengine. Uso wa Zeus kwenye mchongo huo haupo tena, umepotea, na bado hakuna anayeuliza ni nani mwenye nguvu pale. Mwili na waliomzunguka vinatosha kusema.

Zeus aliyeketi

Hii ndiyo namna ngumu, na kwa maoni yetu ndiyo bora. Chanzo chake ni kitabu cha kwanza cha Iliad. Thetis, mungu wa kike wa bahari, anamshika Zeus magoti kwa mkono wa kushoto na kidevu kwa mkono wa kulia, akimwombea mwanawe, shujaa Achilles. Zeus anainamisha nyusi zake nyeusi, nywele zinamtiririka kichwani, na mlima wote wa Olympus unatikisika. Hilo tu. Hakurusha kitu. Strabo, mwanajiografia wa kale, anasimulia kwamba mchongaji Phidias alipoulizwa angefuata kielelezo gani kwa sanamu ya Zeus ya Olympia, alijibu kwa mistari hiyo ya Homer.

Sanamu yenyewe, iliyotengenezwa katika miaka ya 430 KK, ilikuwa na kimo cha mita 12 hivi: ngozi ya pembe za ndovu, mavazi ya dhahabu, Nike, mungu wa kike wa ushindi mwenye mabawa, kwenye kiganja cha kulia, fimbo ya enzi yenye tai mkononi mwa kushoto. Radi haikuwamo kabisa mikononi. Kilichowatisha watu kilikuwa nafasi: Zeus aliyeketi alikaribia kugusa dari, na Strabo aliona kwamba kama angesimama, angeezua paa la hekalu.

Ujanja huo unahamia kwenye karatasi bila gharama. Simamisha karatasi ya A3 wima (sentimita 29.7 kwa 42). Weka utosi wa Zeus sentimita 1 tu kutoka ukingo wa juu, na ubao wa kukanyagia miguu sentimita 37 chini, yaani kimo cha kuketi kiwe sentimita 36. Mtu mwenye kimo cha vichwa 8, yaani mara nane ya urefu wa kichwa chake, akiketi kwenye kiti kirefu hubaki na vichwa 6 hivi, kwa hiyo kichwa cha Zeus kitakuwa sentimita 6. Mstari wa upeo, yaani usawa wa jicho la mtazamaji, uweke chini: kwenye nyayo zake au kidogo juu ya hapo. Ukiuweka usawa wa kifua, utamtazama mungu kama mwenzako mezani.

Sasa mchore mwanadamu mmoja karibu na kiti, asiyezidi goti la Zeus, sentimita 12. Kichwa cha huyo kitakuwa sentimita 1.5. Wengi huogopa tofauti hiyo na kumkuza mwanadamu hadi kiunoni mwa Zeus; papo hapo mungu anakuwa mtu mrefu tu. Usiogope.

Mikono ya Zeus aliyeketi iwe imepumzika. Vidole vinavyobana mkono wa kiti vinaonyesha wasiwasi. Macho yasimtazame anayeomba. Ingres, katika mchoro wake wa 1811 ulioko Musée Granet mjini Aix-en-Provence, alimpa Zeus macho yanayompita Thetis na kutazama mbele, ilhali Thetis amempigia magoti na kumshika kidevu. Ukubwa wa Zeus unatokana na huko kutotazama kuliko na mabega yake mapana.

Kitu kimoja lazima kitikisike, la sivyo umechora mzee aliyekaa. Chagua vitu vyepesi: maji kwenye bakuli yenye viduara, moto wa taa uliolala upande mmoja, vumbi linalodondoka kutoka kwenye nguzo, pazia, majani ya mwaloni. Mwaloni ndio mti wake hasa. Huko Dodona, patakatifu pake, makuhani walisikiliza mvumo wa majani yake kama sauti ya Zeus. Viwili au vitatu kati ya hivyo vinatosha.

Zeus aliyeinua mkono

Kielelezo cha kusoma kwa makini ni sanamu ya shaba nyeusi iliyotolewa baharini karibu na rasi ya Artemision mwaka 1926 na 1928, sasa iko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens. Ni ya mwaka 460 KK hivi, kimo chake mita 2.09. Silaha yake ilipotea, ndiyo maana wengine husema ni Poseidon, mungu wa bahari. Hoja inayompa Zeus nafasi kubwa ni ya mchoraji kabisa: mkuki wa Poseidon wenye meno matatu ni mrefu, na ukishikwa kwenye mkono ule ungepita mbele ya uso na kuuharibu kwa anayetazama kutoka upande. Radi ni fupi, uso unabaki wazi.

Laza karatasi. Chora kiunzi hivi:

1. Kimo cha mwili sentimita 24, kichwa sentimita 3. Miguu ikitanuka, kimo kwenye karatasi kitashuka hadi 22 hivi. Usikirudishe kwa kurefusha kiwiliwili.
2. Kifua kitazame mbele kwako, kichwa kigeuke kabisa kuelekea kulia mwa karatasi.
3. Mkono wa kushoto wa Zeus unyooke mlalo kuelekea huko huko kulia, kiganja kikiwa kimelegea. Huo ndio mkono unaolenga.
4. Mkono wa kulia uende nyuma, kiwiko kikunjwe, ngumi ibaki nyuma ya kichwa usawa wa sikio. Urefu kutoka ncha ya mkono mmoja hadi mwingine, vyote vikinyooka, usipungue kimo chake.
5. Wayo wa mbele ukanyage wote. Kisigino cha nyuma kiinuke, uzito wa nyuma ubaki kwenye vidole.
6. Katika sentimita 18 za upana zinazobaki, acha 12 mbele yake na 6 nyuma. Nafasi tupu ya mbele ndiyo njia ya radi. Ukiijaza mawingu, umeiziba.

Linaloharibika zaidi ni hatua ya 4. Ngumi ikipanda juu ya utosi, mkao unageuka kuwa wa mtu anayepiga kwa rungu. Ikishuka chini ya bega, anaonekana anavuta kitu. Mkuki na radi hutupwa kutoka usawa wa sikio. Simama mbele ya kioo, shika penseli kama mkuki, utaona mwenyewe kiwiko kinakokaa.

Uso ubaki mtulivu, mdomo umefungwa, nyusi zimeshuka kidogo. Ndevu ni za lazima. Nywele za sanamu ya Artemision zimesukwa na kuzungushwa kichwani. Hiyo ni bora kuliko nywele zinazopeperuka kila upande, kwa sababu zikipeperuka zinashindana na radi.

Radi yenyewe

Hapa ndipo picha za siku hizi zinapoachana na Wagiriki. Mstari wa manjano wenye kona kali ni alama ya hatari iliyobandikwa kwenye visanduku vya umeme, na mtazamaji huusoma hivyohivyo. Kwenye vyungu, sarafu na sanamu za Ugiriki radi ni kifaa. Mshairi Hesiod anasema walioitoa ni Saiklopi watatu, majitu yenye jicho moja, Brontes, Steropes na Arges, majina yanayobeba ngurumo, mmuliko na mng'ao. Ni kazi ya wafua vyuma, kwa hiyo ina mpini na ina ncha mbili.

Ichore kwanza peke yake, kubwa, kwenye karatasi ya majaribio. Piga mhimili wa sentimita 16. Katikati weka mpini wa sentimita 3, uliosokotwa kama kamba nene. Ndio unaokaa ndani ya ngumi. Kila upande wa mpini chora kikombe cha petali chenye kina cha sentimita 1.5, mithili ya tumba la yungiyungi linaloanza kufunguka. Kutoka kwenye kikombe toa ndimi tatu za moto: wa kati umenyooka hadi mwisho wa mhimili, wa pembeni wanatanuka kisha ncha zao zinapinda nje. Upana mkubwa zaidi uwe sentimita 4. Pande mbili zilingane. Mkono wako ukikosea upande mmoja, kifaa kitaonekana kama mwenge. Mabawa madogo mawili kwenye mpini yanaruhusiwa, wasanii wa kale waliyaweka mara kwa mara.

Unapoihamishia kwenye umbo la sentimita 24, urefu wake uwe sentimita 6, sawa na kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ishikwe katikati, ilale mlalo au ielekee chini kidogo upande wa adui. Ncha ya mbele isifike usoni. Ikifika, sogeza ngumi nyuma nusu sentimita kuliko kuifupisha radi.

Kuhusu kumpa radi mbili: ndani ya jengo la baraza la Olympia palikuwa na Zeus Horkios, Zeus wa viapo, aliyeshika radi katika kila mkono. Wanariadha, pamoja na baba zao, ndugu na walimu wao, waliapa mbele yake kwamba hawatadanganya katika mashindano. Pausanias, msafiri wa kale aliyeiona, anasema hakuna sanamu nyingine ya Zeus iliyokusudiwa kuwatisha waovu kama hiyo. Tumia radi mbili pale unapochora hukumu au kiapo. Kwenye vita, moja inatosha.

Mwanga: hapa usiharakishe

Karatasi haiwezi kung'aa zaidi ya weupe wake. Mwanga wa radi unatengenezwa kwa kutia giza mahali pengine, na giza zito kuliko yote linakaa karibu na mwanga, wala si pembezoni mwa picha.

Kwa makaa: tumia karatasi yenye gramu 160 kwa mita ya mraba au zaidi, yenye ukwaruzo kidogo. Paka makaa karatasi nzima, sugua kwa kitambaa hadi upate kijivu cha wastani kilicho sawa. Hamisha mistari ya kiunzi juu yake. Kwa kifutio laini cha kukandwa, kilichochongwa ncha kwa vidole, nyanyua radi kwanza. Hapo ndipo weupe pekee kamili wa picha nzima. Kisha nyanyua kwa wepesi sehemu za mwili zinazoitazama radi: shavu la nyuma, ukingo wa bega la kulia, upande wa juu wa mkono. Mwisho chukua makaa magumu utie weusi nyuma ya radi na kwenye upande wa mwili usioitazama. Ukifuta sana sehemu moja, karatasi inachoka na haipokei tena weupe wala weusi. Ndiyo maana radi inanyanyuliwa mwanzoni, karatasi ikiwa bado na nguvu.

Kosa linaloua picha ni kuwa na vyanzo viwili vya mwanga. Radi inawaka nyuma ya kichwa, lakini kifua kimeangazwa kutoka mbele kama kwamba kuna jua. Kabla ya kutia vivuli, weka nukta kwenye katikati ya radi na upige mistari myepesi kutoka hapo hadi kwenye kila kiungo. Upande ambao mstari unaugusa kwanza ndio wenye mwanga. Ngumi inayoishika radi karibu yote itakuwa nyeusi, kwa kuwa mwanga uko nyuma na pembeni mwake. Iachie ukingo mwembamba tu. Kingo za vivuli ziwe kali. Mwanga wa radi hauna upole wa asubuhi.

Kwa rangi ya maji, karatasi iwe ya gramu 300, la sivyo itajikunja. Acha radi ikiwa karatasi tupu. Lowanisha duara linaloizunguka, dondosha manjano hafifu sana karibu na ukingo, kisha buluu iliyochanganywa na zambarau kuelekea nje, na uache zikutane zenyewe. Subiri ikauke kabisa kabla ya giza la nje. Ukiharakisha, giza litarudi ndani ya duara na kuacha madoa yenye kingo kama kauliflawa, na hayo hayatoki.

Ikiwa unataka pia umeme wa angani nyuma yake, uchore kama ulivyo kweli: shina moja jembamba lenye matawi yanayoelekea chini, membamba zaidi kuliko shina, mipindo midogo mingi isiyolingana. Kona kubwa chache huurudisha kuwa alama ya hatari.

Baada ya pigo

Homer ana somo zuri hapa. Katika kitabu cha nane cha Iliad, Zeus anapiga radi mbele ya farasi wa Diomedes, shujaa wa Kigiriki. Hamgusi mtu. Moto wenye harufu ya salfa unapanda, farasi wanajikunyata chini ya gari, hatamu zinamponyoka mzee Nestor anayeendesha gari. Chora hao farasi: masikio yamelala nyuma, magoti ya mbele yamekunjwa, hatamu hewani. Zeus mwenyewe hahitaji kuwepo kwenye karatasi.

Hesiod naye, akisimulia pigo lililomwangusha Typhon, zimwi aliyepigana na Zeus, anasema ardhi iliyeyuka kama bati linaloyeyushwa na mafundi. Kwa hiyo mahali palipopigwa pasiwe shimo la bomu lenye vipande vinavyoruka. Pawe na kingo laini zilizotiririka, wekundu ndani, moshi mzito unaopanda taratibu. Typhon, ukimchora, ana mabawa na nyoka badala ya miguu. Ndivyo alivyo kwenye chungu cha maji cha mwaka 540 KK hivi kilichoko Munich, Zeus akimjia kwa hatua ndefu na radi juu.

Mti uliopigwa na radi hauwi lazima mkaa. Maji yaliyo ndani yake hugeuka mvuke ghafla na kubandua gome kwa ukanda mrefu kutoka juu hadi chini, mara nyingi ukizunguka shina. Ukanda mmoja mweupe kwenye mwaloni mweusi unasema mengi kuliko moto mkubwa.

Na kuna picha ya kimya ambayo wachache wanaijaribu. Wagiriki walipazungushia uzio mahali palipopigwa na radi, pakawa pa Zeus Kataibates, Zeus ashukaye, na hapakuruhusiwa kukanyagwa. Kiwanja kidogo, uzio wa mawe, nyasi zisizokatwa ndani, njia ya watu inayokwepa. Anayejua atasimama hapo muda mrefu.

Ukiwa unasimulia kwa maneno

Kanuni ni zile zile. Eleza kinachotokea kwa walio chini, uwe bahili na mwili wa mungu. Semele, binadamu aliyependwa na Zeus, alipomwomba aje kwake kama anavyomjia mkewe Hera, aliungua. Msimulizi akianza kueleza Zeus alikuwa na sura gani pale, amesema kwamba inawezekana kumwona ukabaki hai.

Tenganisha mwanga na sauti. Ngurumo husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo radi iliyopiga kilomita moja kutoka kwa mhusika itasikika baada ya sekunde tatu. Katika hadithi za picha, kisanduku cha mwanga kisiwe na herufi za sauti kabisa. Kifuate kisanduku kimoja cha uso wa mtu aliyenyamaza, kisha sauti. Kelele zikitangulia, umemchora Salmoneus. Huyo ni mfalme aliyefunga masufuria ya shaba nyuma ya gari lake na kuyaburuta akidai ndiyo ngurumo, akarusha mienge angani akidai ndiyo umeme, mpaka Zeus akampiga pamoja na mji wake. Debe tupu haliachi kuvuma.

Alama nyingine, kwa ufupi

Tai: ametua kwenye fimbo, au anasimama juu ya radi kama kwenye sarafu za akina Ptolemy, wafalme wa Misri. Fimbo ya enzi: Zeus akisimama, isimpungukie kimo. Egisi: ngozi ya mbuzi yenye pindo za nyoka, akiivaa mkononi mwa kushoto inafanya kazi ya ngao, lakini usimpe egisi na tai na fimbo na Nike kwa pamoja, picha inageuka duka. Mkuki wa meno matatu ni wa Poseidon, nyundo ni ya Thor ambaye si Mgiriki. Kwa mchoro mdogo usiozidi sentimita 3, mwache Zeus kabisa, chora tai na radi.

Jaribio kabla ya kumaliza

Funika radi kwa kidole. Zeus abaki anaonekana mwenye mamlaka; kama amegeuka mtu anayepunga mkono, kasoro iko kwenye miguu na shingo, rudi hatua ya 5 na ya 2. Kisha mfunike Zeus mzima kwa kipande cha karatasi na utazame kilichobaki: farasi, nguzo, maji, mwanadamu wa sentimita 12. Wote wawe wanaelekeza mahali ulipofunika, au wanapakimbia. Asiyefanya lolote kati ya hayo mfute, hata kama umemchora vizuri.